Umeme Unaopita Njia ya Panya

Kuna mvumo mzito unaotoka kwenye spika mara tu laptopu inapochomekwa kwenye miksa. Uko kwenye kumbi za harusi, makanisani, kwenye semina, na hata sebuleni kwa mtu anayeunganisha laptopu na redio yake ili asikilize taarabu kwa sauti ya maana. Muziki haujaanza, mshereheshaji hajashika kipaza sauti, na tayari ukumbi unanguruma. Hapo kila mmoja anakuja na tiba yake. Huyu anasema waya ni mbovu, yule anailaumu laptopu kwamba ni ya bei rahisi, wa tatu anasema spika imechoka. Wa nne, ambaye ndiye wa kuogopwa, anatoa koleo ili aikate pini ya ethi kwenye plagi. Nadhani wote wanne wanatafuta mgonjwa mahali ambapo hakuna mgonjwa. Mara nyingi laptopu ni nzima, waya ni mzima, na spika ni nzima. Mvumo unazaliwa na namna vifaa hivi vilivyounganishwa, na dawa yake ni kuuvunja muungano wa shaba kwenye njia ya sauti, huku njia ya ethi ikiachwa salama kama ilivyo.

Tuanze na ushahidi ulio wazi kuliko wote, nao ni sauti yenyewe ya mvumo. Umeme wa gridi Tanzania, Kenya na Uganda unakwenda kwa hezi 50, yaani unapiga mizunguko 50 kamili kila sekunde. Mvumo wa spika ukiupima kwa programu yoyote ya kuonyesha masafa, utaikuta hiyo 50, na juu yake vizidishio vyake: 100, 150, 200 na kuendelea. Wapiga kinanda wanaweza kuutambua kwa sikio tu, kwa kuwa unakaa karibu sana na noti ya G. Kule Marekani, ambako gridi ni ya hezi 60, mvumo unakaa juu zaidi kidogo, na ndiyo maana video za mafundi wa huko hutaja namba isiyolingana na ya kwetu. Kwa hiyo chanzo tumekwisha kukijua: ni umeme wa ukutani. Haumo ndani ya faili la muziki, wala programu ya kompyuta haihusiki. Ukisikia kitu tofauti, mlio mwembamba unaolia kama mbu na kubadilika unapoisogeza mausi au kufungua ukurasa mpya, huo umetoka kwenye saketi za ndani ya laptopu zinazogawa umeme. Ila nao, kama tutakavyoona, mara nyingi hufika kwenye miksa kwa kupitia njia ileile.

Njia gani hiyo? Chukua ukumbi wa kawaida. Chaja ya laptopu ina plagi ya pini tatu, imechomekwa kwenye soketi iliyo karibu na meza ya mbele. Miksa nayo ina pini tatu, imechomekwa kwenye soketi ya ukuta wa nyuma. Pini ya tatu ya kila plagi inakwenda kwenye waya wa ethi wa jengo, na ethi zote zinakutana kwenye bodi ya umeme kabla ya kushuka kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini. Mpaka hapo vifaa viwili vimeunganishwa mara moja, kupitia kuta za jengo. Sasa unaleta waya wa sauti, na unaviunganisha mara ya pili. Waya wa sauti una nyuzi za ndani zinazobeba muziki, na nje yake una wavu wa shaba unaogusana na ethi ya vifaa vyote viwili. Duara limekamilika: kutoka laptopu hadi miksa kwa wavu, kutoka miksa hadi ukutani, kutoka ukutani hadi kwenye chaja, na kurudi kwenye laptopu. Ethi ya soketi ya mbele na ile ya nyuma hazilingani kabisa, kwa sababu friji, feni na kompyuta za jengo zima huvujisha umeme kidogo kwenye waya huo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayosukuma umeme kupita kwenye wavu wa waya wa sauti. Umeme umepata njia ya panya, na wala hakuna aliyevunja sheria yoyote ya fizikia.

Kuna atakayeuliza kama tofauti ndogo namna hiyo inaweza kweli kuutikisa ukumbi. Tupige hesabu. Wavu wa waya wa mita chache unaweza kuwa na ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Miliampea 10 zikipita humo, zinaacha milivolti 1. Ni kidogo, lakini kiwango cha kawaida cha sauti kwenye vifaa vya nyumbani, vile vyenye matundu mekundu na meupe, ni kama milivolti 316 tu. Mvumo basi ni sehemu moja kwa mia tatu ya muziki, na katika ukumbi ulionyamaza, sikio la mtu linausikia bila taabu. Sasa fikiria kwamba mwenye laptopu ameishusha sauti yake mpaka inatoa milivolti 30, na fundi mitambo akaifidia kwa kupandisha miksa. Mvumo umebaki uleule milivolti 1, muziki umeshuka mara kumi, na miksa inavikuza vyote kwa pamoja. Hapa ndipo penye nafuu ya kwanza isiyogharimu hata senti: pandisha sauti ya laptopu karibu na mwisho wake, kisha shusha miksa. Duara halijavunjika, lakini muziki umeuacha mvumo mbali nyuma.

Kwamba duara hili lipo kweli, unaweza kulithibitisha kwa mkono mmoja. Chomoa chaja, laptopu ibaki na betri yake. Kama mvumo unakufa papo hapo, umeshapata jibu: hukubadilisha waya, hukugusa spika, umeondoa upande mmoja tu wa duara. Jaribio hili ni zuri kwa sababu linawapatanisha wanaobishana. Lina mtego mmoja, hata hivyo, na mtego huo ndio unaowachanganya watu wengi kwenye semina. Wanachomoa chaja, mvumo unaendelea, wanahitimisha kwamba laptopu ni mbovu. Wamesahau projekta. Projekta inaning'inia darini, inakula umeme wa soketi nyingine kabisa, na waya wa picha unaotoka kwake hadi kwenye laptopu una shaba na wavu wake. Laptopu inaweza kuwa kwenye betri na bado ikapata ethi kupitia projekta. Hali ni hiyohiyo kwa laptopu iliyounganishwa na televisheni ambayo nayo imeunganishwa na king'amuzi, na king'amuzi kina waya mnene unaopanda hadi kwenye dishi juu ya paa. Ukifanya jaribio la betri, basi chomoa kila kitu chenye shaba kinachogusa laptopu, ubaki waya wa sauti peke yake. Kisha rudisha kimoja kimoja, ukisikiliza.

Hapa linakuja pingamizi lenye uzito. Chaja nyingi tulizonazo hazina ethi kabisa. Waya wake una nyuzi mbili, na tundu lake la kwenye chaja linafanana na namba nane. Nyingine zina pini ya tatu lakini ni ya plastiki, kazi yake ni kufungua vifuniko vya ndani ya soketi na si zaidi. Soketi hizi za pini bapa tulizirithi kutoka Uingereza, ambako kiwango chake kilitoka mwaka 1947, na tangu mwanzo pini ndefu ya juu ndiyo iliyopewa kazi ya kuvifungua vifuniko hivyo. Kule Burundi na Kongo, ambako pini za mviringo ndizo za kawaida, chaja za pini mbili zimejaa vilevile. Sasa kama hakuna ethi, duara linatoka wapi? Swali ni halali, na jibu ni kwamba chaja ya namna hii huwa na kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa laptopu. Waliounda chaja waliiweka makusudi ili kutuliza kelele za masafa ya juu ambazo chaja yenyewe inazizalisha. Kupitia kapasita hiyo umeme kidogo sana huvuja. Ndiyo maana ukipitisha vidole juu ya laptopu ya chuma inayochaji unahisi kama mkwaruzo au msisimko, na ukiweka mita kati ya bodi yake na ethi unaweza kusoma volti zinazokaribia nusu ya zile za ukutani. Volti hizo zinatisha kwenye kioo cha mita, ila mkondo wake ni mdogo mno. Viwango vya kimataifa vinauwekea kikomo cha sehemu ndogo ya miliampea kwa vifaa visivyo na ethi. Umeme huo unatafuta pa kwenda, na ukiupa waya wa sauti unaoelekea kwenye miksa yenye ethi, unapita humo humo. Dalili yake ni kwamba ukiigusa laptopu kwa kiganja, mvumo unabadilika, kwa kuwa mwili wako nao umekuwa njia. Kwa hiyo pingamizi hili, badala ya kuibomoa hoja, linaipanua: hata pasipo na duara la ethi mbili, bado tatizo ni umeme unaopita kwenye wavu wa waya wa sauti.

Sasa turudi kwa mwenye koleo. Nitamtendea haki kwanza: pini ya ethi ikikatwa kwenye miksa au amplifaya, mvumo mara nyingi unanyamaza. Duara limevunjika kweli, na ukumbi unampigia makofi. Tabu yake ni kwamba amevunja upande usiotakiwa kuvunjwa. Ethi ipo kwa ajili ya siku ambayo waya wa moto utalegea ndani ya amplifaya na kugusa bodi ya chuma. Siku hiyo mkondo mkubwa unakimbilia ardhini kupitia ethi, fyuzi inakatika au kikata umeme kinaruka, na kinachopotea ni muziki tu. Bila ethi, bodi ya amplifaya inakaa na volti 230 kimyakimya. Bodi hiyo imeunganishwa na wavu wa waya za vipaza sauti, na mwisho wa waya hizo ni kipaza sauti cha chuma kilicho mkononi mwa mhubiri au mwimbaji, aliyeloa jasho, pengine amesimama kwenye sakafu yenye maji. Mei 1972, huko Swansea, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikigusa kipaza sauti ambacho hakikuwa na ethi ilivyopasa, akapigwa umeme mbele ya watazamaji na akafa. Mtu anaweza kusema kwamba mafundi wamekata pini miaka yote na hakuna aliyedhurika. Ni kweli, kwa sababu ethi haina kazi mpaka pale hitilafu inapotokea, na amplifaya nzima hupita miaka bila hitilafu. Kipimo cha kinga ni siku ya hitilafu. Katika kundi hilihili naiweka ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Nayo inamaliza kinga iliyowekwa, na mara nyingi plagi inakaa kwa kulegea na kupiga cheche, jambo linaloongeza kelele nyingine juu ya ile tuliyokuwa tunaikimbia.

Tiba ya yule anayesema waya ni mbovu, yaani kununua waya wa bei kubwa, haina hatari, lakini haina msaada pia, isipokuwa kama waya wa zamani ulikuwa umekatika ndani. Wavu mzuri unazuia kelele zinazotoka hewani kuingia kwenye nyuzi za ndani. Mvumo wetu hauingii kutoka hewani, unapita juu ya wavu wenyewe. Wavu mnene utapunguza ukinzani, na kwa hiyo utapunguza mvumo kidogo, ila njia itabaki wazi. Lipo jambo la ndani zaidi ambalo mafundi wa miksa wanapaswa kulijua. Mwaka 1995 mhandisi Neil Muncy aliandika katika jarida la Audio Engineering Society kwamba watengenezaji wengi walikuwa wakiuunganisha wavu wa waya na saketi ya ndani ya kifaa badala ya kuuunganisha na bodi ya chuma kwenye tundu la kuingilia. Matokeo yake, umeme wa njia ya panya ulikuwa unakaribishwa mpaka kwenye saketi zinazokuza sauti, hata kwa vifaa vya gharama kubwa. Ndiyo maana miksa mbili zinaweza kuwekwa kwenye ukumbi mmoja na waya mmoja, moja ikavuma na nyingine ikanyamaza. Bei haikueleza lolote.

Dawa ninayoitetea ni transfoma ndogo ya sauti. Ndani yake kuna koili mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja bila kugusana. Muziki unaingia koili ya kwanza, unageuka kuwa nguvu ya sumaku, na unazaliwa upya kwenye koili ya pili. Shaba ya laptopu na shaba ya miksa hazikutani tena kwenye njia ya sauti, kwa hiyo umeme wa duara hauna pa kukanyaga, na ule wa kuvuja kutoka kwenye chaja ya pini mbili nao hauna. Hata ule mlio wa mbu, ukiwa unasafiri kwa njia hiyo, unakatika. Ethi zote zinabaki mahali pake. Kwenye maduka ya mitambo ya muziki utapata kisanduku kiitwacho DI, na kwa kazi hii uulizie chenye transfoma ndani, kikiwa na matundu mawili kwa ajili ya kushoto na kulia. Kina swichi ndogo ya kuachanisha ethi upande wa sauti, na hiyo ni salama kuibonyeza kwa kuwa haigusi waya wa umeme wa ukutani. Faida nyingine ni kwamba kinazizuia zile volti 48 ambazo miksa huzipeleka kwenye vipaza sauti, zisifike kwenye tundu la hedifoni la laptopu yako. Anayeona DI ni ghali aende kwa mafundi wa redio za magari, kwani nao wanapambana na mvumo wao wa injini na wanauza vitransfoma vidogo vya kazi hiyohiyo. Hivyo vya bei ya chini vina udhaifu wa kweli, besi ya chini kabisa inanywea na sauti kubwa inaweza kukwaruza. Kwa mahubiri, mkutano na muziki wa kawaida vinatosha. Kwa DJ anayetaka kifua kitetemeke, aongeze fedha.

Katika kuunganisha, jihadhari na kosa moja linalosingiziwa mvumo ilhali ni jambo jingine. Tundu la hedifoni la laptopu linatoa kushoto na kulia. Ukilipeleka kwa jeki yenye mistari miwili mpaka kwenye tundu moja la miksa, miksa inaichukulia sauti ya kulia kuwa ni ya kutolewa kwenye ya kushoto. Kilicho sawa pande zote mbili, yaani mwimbaji, kinajifuta. Watu wanashangaa kwamba wimbo umegeuka karaoke! Tumia waya unaogawa pande mbili, kila upande na tundu lake.

Wapo watakaouliza kwa nini wasitumie Bluetooth. Wako sahihi kwamba hewa haina shaba, na mvumo utakwisha. Watapokea badala yake ucheleweshaji unaozidi mara nyingi sehemu ya kumi ya sekunde, ambao kwenye wimbo haujulikani lakini kwenye filamu midomo na maneno vinaachana, na watabaki na hofu ya muunganisho kukatika katikati ya wimbo wa bibi harusi. Wengine hununua kadi ya sauti ya USB wakidhani itaitenganisha laptopu na miksa. Waya wa USB una ethi yake ya shaba, kwa hiyo duara lipo palepale. Kadi hiyo itasaidia ikiwa ina matundu ya kutolea sauti kwa nyuzi mbili zinazopingana, ambapo miksa inasikiliza tofauti kati yake na kuifuta kelele iliyoingia kwa zote mbili sawasawa. Kuchuja hezi 50 kwa programu ni tiba dhaifu kuliko zote, kwani vizidishio vyake vimekaa katikati ya besi na sauti za wanaume, na ukivikata vyote umekata na muziki.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, jaribu soketi moja. Laptopu, miksa na ikiwezekana projekta zikila umeme kutoka ekstensheni moja, ethi zake zinakutana hapo hapo mezani badala ya kuzunguka jengo, na ile tofauti inayosukuma umeme inakaribia kutoweka. Hofu ya kuizidishia ekstensheni mzigo ni ya haki kwa amplifaya kubwa, ila laptopu na miksa kwa pamoja hazifiki hata wati 200, na plagi yenye fyuzi ya ampea 13 inabeba karibu 3,000. Acha amplifaya kubwa na laini yake, na uipelekee sauti kwa waya wa sauti wa pini tatu, ule wa nyuzi mbili zinazopingana. Tazama tu kwamba ekstensheni yenyewe ni ya kweli. Nyingi za bei rahisi zina matundu matatu kwa nje na nyuzi mbili kwa ndani. Ethi imeishia kwenye plastiki. Mtu anaweza kufuata kila nililosema, akaunganisha kila kitu kwenye ekstensheni ya namna hiyo, na mvumo ukazidi, kwa kuwa vifaa vyote vinavujisha na hakuna cha kupokea. Mita ya fundi itaonyesha kwa dakika moja kama tundu la ethi la ekstensheni limefika kwenye pini ya plagi. Na kama ekstensheni ni nzima, transfoma imewekwa, na ukumbi bado unavuma kwa kila kifaa kinachochomekwa, aitwe fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya jengo hadi kwenye fimbo, kwa sababu udongo mkavu, kutu na kiungo kilicholegea huifanya fimbo iwepo kwa jina tu, na hapo mvumo ni habari ndogo kuliko zote ambazo jengo hilo linazo.